Nyeupe Iliyofuliwa

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sioni haya kulisema. Wanafunzi wangu wa darasa la saba hapa Rugenge, mjini Uvira, wanajua: ukiniambia kwamba somo la kuchora ni somo la kupumzikia, siku hiyo utabaki darasani ukinisagia makaa mpaka mikono ikuume. Ninafundisha rangi na mpangilio wake katika shule isiyo na hata kopo moja la rangi. Prefe wetu, yaani mkuu wa shule, Bwana Basile, huniambia kila mwaka kwamba rangi zitakuja. Nami humjibu kwamba hata Bwana Yesu atakuja, ila wakati tunamngoja tunakula.

Basi tunatengeneza zetu. Nyeusi tunaitoa kwenye makaa yaliyotwangwa. Nyekundu ni ule udongo wa mlimani unaoshuka na mvua mpaka barabarani, au matofali ya kuchoma yaliyosagwa. Kijani ni majani ya lengalenga, ingawa hakidumu wiki. Karatasi zetu ni mifuko ya simenti iliyopasuliwa, na gundi ni uji wa muhogo. Gurudumu la rangi, lile ambalo kitabu cha Kifaransa kinalichora vizuri hata unatamani kulila, mimi nililifanya kwa gurudumu la baiskeli ya marehemu baba yangu, Ngendakumana. Kwenye njiti zake nilifunga vipande vya kitenge: nyekundu hapa, kijani ng'ambo yake, njano huku, zambarau kule. Mtoto akilizungusha kwa nguvu, rangi zote zinapotea na kubaki kitu cha kijivujivu ambacho Chadrack, mjuzi wa kila jambo, alikiita rangi ya Jumatatu asubuhi. Nilicheka, kisha nikamtoa nje kwa sababu yeye alicheka kunizidi.

Mwaka huu nusu ya darasa ni watoto waliotoka mitaa ya chini, ile ambayo ziwa limeimeza. Tanganyika ilipanda polepole, msimu baada ya msimu. Iliingia uani, ikaingia jikoni, mwisho ikaketi sebuleni kama mkwe asiye na haya. Kule Kavimvira nilikozaliwa, ukisimama barabarani unaona mabati ya paa na michikichi iliyokufa imesimama majini. Chini ya maji hayo ndipo ilipo nyumba ya mama yangu, Pudentienne.

Ninasema ya mama, ingawa baba ndiye aliyefyatua matofali, kwa sababu mama ndiye aliyeipa sura. Kila mwaka kabla ya Noeli aliipaka chokaa kwa mkono wake. Sisi watoto tulibeba ndoo, tulikoroga, tulirushiana matone, na usiku vidole vilituwasha. Harufu ya chokaa mbichi mpaka leo inaniletea Noeli kabla ya kuniletea jambo lingine lolote. Watu walielekezana kwa nyumba hiyo: ukifika kwenye nyumba nyeupe, kata kushoto. Baba alijigamba kwamba inaonekana toka Bujumbura, ng'ambo ya maji. Sote tulishawahi kwenda Bujumbura, tukasimama ufukweni, tukatazama, na hatukuona kitu. Hatukumwambia.

Sasa mama anaishi kwangu, katika nyumba ya kupanga hapa Rugenge, mbali kidogo na maji. Sina mume tena, watoto wangu wamekwenda kutafuta maisha Goma, na jioni zangu zote ni zake. Lakini akili za mama zilianza kutoka kidogo kidogo, bila kuaga. Kila asubuhi anafunga nguo zake katika kitenge na kusimama mlangoni, kama mgeni aliyekaa kwa watu siku za kutosha.

"Minye naenda kwangu. Nimeikala sana kwa bantu."

"Mama, kwako iko mu maji."

"Maji iko inakauka," ananijibu, kwa sauti ya mtu anayemfariji mjinga.

Siku moja alishuka peke yake hadi Kavimvira, na vijana wa ufukweni walimtoa maji yakiwa magotini. Kaka yangu Anastase, ambaye analima mpunga huko Lubarika, alipopata habari alinipigia simu.

"Consolate, akienda tena mu maji, nakuja kumubeba. Huku Lubarika haiko ziwa."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonikasirisha. Sikutaka mama aende. Nilijua kwamba akipandishwa gari ya Lubarika nitakuwa namwona mara moja moja, sikukuu kwa sikukuu, mpaka siku nitakayoitwa kwenda kumzika. Nilitaka nimtunze mimi. Nilitaka aamke kwangu na asitamani kwenda popote.

Darasani nilikuwa nimewapa watoto kazi niliyoiita Rangi ya Kwetu. Kila mmoja akumbuke rangi moja ya nyumba waliyoiacha, ukuta au mlango au dirisha, aitengeneze kwa vitu tulivyo navyo, kisha ailete juu ya karatasi. Wengine walileta uvivu. Wengine walinishangaza. Belyse, msichana mrefu mkimya ambaye tangu mama yake afariki ndiye anayelea wadogo zake, alileta rangi ya ukuta wa jikoni ulioshiba moshi wa miaka. Alikuwa amepaka makaa juu ya udongo, akapitisha mawese juu yake, akarudia tena na tena mpaka karatasi ikang'aa kama ukuta wenyewe. Nilisogeza pua nikidhani nitasikia harufu ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani.

"Na yenu, Madame?" Chadrack aliniuliza. "Kwenu ilikuwa rangi gani?"

"Nyeupe."

"Nyeupe haiko rangi, Madame. Mulitufundisha mwenyewe."

Nilikuwa nimewafundisha hivyo kweli. Nilimwambia akae.

Hapo ndipo Noella, jirani yangu anayeuza mihogo mbele ya nyumba na kunitunzia mama nikiwa kazini, alipotokea dirishani akihema. Alikuwa amemgeukia mteja tu, na alipogeuka tena mlango ulikuwa wazi na mama hayupo. Niliacha chaki, nikatoka. Sikumwambia mtu anifuate, lakini darasa zima lilinifuata, na mpaka leo Bwana Basile ananiuliza ni nani aliyeruhusu. Tulirukia pikipiki, wengine walikimbia kwa miguu.

Tulimkuta ndani ya maji, yamefika kiunoni, kifurushi chake kichwani. Alikuwa anatembea kwa utulivu wa mtu anayejua njia. Niliita, hakugeuka. Niliita tena kwa jina lake la ubatizo. Belyse alinipita. Aliingia na sare yake, akamfikia, akamshika mkono kama mjukuu anayekwenda sokoni na bibi yake.

"Koko, tuko tunaenda wapi?"

"Kwangu."

"Kwako iko namna gani?"

Mama alisimama. Mtu akiulizwa nyumba yake ikoje, hawezi kujibu huku anatembea, anahitaji mikono. "Iko nyeupe," alisema. "Chini iko na mukanda mwekundu, mpaka hapa." Aliinama kuonyesha goti lake lililokuwa ndani ya maji. "Mulango iko katikati. Madirisha iko mbili, moja huku, moja huku." Na kila alipogeuka kuonyesha huku na huku, Belyse naye alizunguka naye taratibu, mpaka uso wa mama ukaelekea nchi kavu. Walitoka wakiwa bado wanazungumzia madirisha.

Niliwagombeza wote. Nilimgombeza Noella kwa mihogo yake, nikamgombeza Belyse kwa kulowesha sare, nikamgombeza mama. Kisha nikakaa juu ya mchanga nikalia mbele ya wanafunzi wangu, jambo ambalo mwalimu hapaswi kulifanya hata akifiwa.

Chadrack ndiye aliyesema kwanza. "Madame, kama nyumba yake haiwezi kupanda kuja huku, rangi yake inaweza."

Nilijifuta uso, nikamwambia basi atafute ndoo.

Habari mbaya haina mguu mbovu. Jioni hiyo hiyo Anastase alipiga simu. Hakupandisha sauti, na hilo lilinitisha zaidi. "Jumapili nakuja na gari," alisema. "Umutayarishie nguo zake." Nilimwambia zimeshafungwa, zinafungwa kila asubuhi. Hakucheka.

Jumamosi baada ya masomo watoto walikuja kwangu na sare zao, wamebeba ndoo na burashi za katani. Mwenye nyumba alisema tupake tunavyotaka, mradi tusimbomolee. Ukuta wa mbele ulikuwa wa rangi ambayo zamani labda iliitwa waridi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, lakini nadhani wahenga hao hawakuwahi kupewa kazi ya kupaka nyumba. Mlango wangu uko pembeni, na mama alisema katikati. Mlango hausogezwi kwa burashi. Nikawauliza watoto: tufanyeje ili jicho liuone katikati? Walibishana mpaka nikafurahi kuwa nina kazi hii. Mwisho waliamua kuikomesha nyeupe mahali fulani na kuuacha upande uliobaki na rangi yake ya zamani, ili mlango upate pande mbili sawa. Nyumba ina dirisha moja. La pili walilichora kwa makaa na udongo, na vivuli vyake, na kitasa. Chadrack alitaka mkanda mwekundu wa chini ufike kwenye goti lake yeye, naye ni mrefu kama mwanzi. Nilimwambia nyumba inapimwa kwa mwenye nyumba. Mama aliletwa, akasimama kando ya ukuta kwa subira, wakaweka alama kwenye goti lake, na hapo ghafla ule ukuta mfupi ukaanza kufanana na kitu ninachokijua.

Kisha wakapaka chokaa, mkono wa kwanza na wa pili. Jua lilikuwa kali, ukuta ukakauka upesi, ukawa mweupe. Nilirudi nyuma mpaka njiani kuutazama. Nilijua kuna kitu hakipo, lakini sikukijua jina. Nikajiambia ni uzee wa macho yangu.

Tulimleta mama mbele ya ukuta. Alitazama kwa adabu, kama mtu anayetazama mtoto mbaya wa jirani.

"Muzuri," alisema. "Iko ya nani?"

"Yako, Mama."

"Hapana. Yangu inafuliwaka. Hii habakuifua."

Watoto wakaangua kicheko. Kuta hazifuliwi, hata mtoto wa chekechea anajua. Mimi sikucheka. Niliona akili za mama zimekwenda mbali zaidi ya nilivyodhani, na Anastase yuko njiani kesho. Niliingia ndani nikaanza kukunja mashuka yake, kwa hasira, kana kwamba mashuka ndiyo yaliyokosa.

Belyse aliniita kutoka nje. Yeye pia hakuwa amecheka. Alikuwa amemshika Chadrack mabega na kumsimamisha wima mbele ya ukuta, na Chadrack kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amenyamaza.

"Madame, muangalie shati yake. Sasa muangalie ukuta."

Nikaangalia. Shati la Chadrack lilikuwa jeupe. Ukuta, kando ya shati, ulikuwa wa njano, njano ya jino la mvuta tumbako. Tangu saa zile nilikuwa nauita mweupe.

"Koko anasema kweli," Belyse alisema. "Shati ikitoka mu sabuni haijafuliwa bado. Iko inabakia na bunjano. Unatia bulu kidogo mu maji ya mwisho, ndio inakuwa nyeupe. Ukiacha bulu, mama alikuwa anatuambia: umeilowesha tu, hukuifua."

Nilikaa kwenye kizingiti. Bulu, ule unga wa buluu wa kufulia unaouzwa sokoni katika vifuko, kila mama wa Uvira mwenye mtoto shuleni anaujua, nami pia nautumia. Na ghafla nikaiona ndoo ya chokaa ya utoto wangu, na mkono wa mama ukitumbukiza ndani yake kitambaa kidogo kilichofungwa fundo, akikizungusha, na michirizi ya bulu ikitoka na kupotea. Alifanya hivyo kila Desemba. Nilikuwa nimeshika ndoo ile ile. Nikakua, nikasoma, nikafundisha watoto wa watu gurudumu la rangi, namna njano inavyouawa na rangi za upande wa ng'ambo yake, na miaka yote hiyo katika kumbukumbu yangu nyumba yetu ilikuwa nyeupe tu. Bulu yote nilikuwa nimeisahau. Iliniuma kujua kwamba mtu anaweza kuipenda nyumba hivyo, akaikosa hivyo, na bado asijue ilikuwa na rangi gani.

"Mnangoja nini?" niliwaambia. "Nendeni mulete bulu."

Mara ya kwanza walitia nyingi, kwa kuwa ni watoto na kwa kuwa Chadrack ndiye aliyekoroga. Mama alipita, akatazama kipande kilichopakwa, akasema, "Hii iko disipanseri," maana zahanati zetu hupakwa buluu, na safari hii tulicheka wote, naye pia. Belyse akamwaga, akaanza upya. Alitumbukiza mkono wake ndani ya ndoo na kutazama: kwa maji ya mashati, alisema, bulu inatosha ukiona bado kucha zako. Alipoziona, akatoa mkono na kuchukua burashi.

Chokaa haikuonyeshi sura yake ikiwa mbichi. Ukuta ulilala chini ya ule unyevu wake, wa kijivu, bila kusema lolote, na jua likawa linashuka nyuma ya milima. Watoto walinawa, wakaenda zao wakiwa na madoadoa kwenye nyusi. Nilimlaza mama mapema. Niliomba, sikumbuki maneno.

Jumapili nilikwenda misa ya kwanza, nikamwacha Noella amekaa mlangoni bila mihogo. Nilirudi nikitembea haraka. Kutoka kwenye kona ya njia niliiona, nikasimama. Sijui niieleze vipi. Haikuwa bulu, mtu yeyote angesema nyeupe. Lakini ilikuwa nyeupe ya kabla ya Noeli, ya mikono inayowasha, ya baba akisimama nyuma na kusema inaonekana toka Bujumbura. Nililia njiani na nguo zangu za kanisani.

Noella alinipokea kwa ishara ya kidole mdomoni. Alininong'oneza kwamba mama alitoka, akauona ukuta, akaugusa kwa kiganja, kisha akaingia ndani na kufungua kifurushi chake. Nguo zake alizipanga kitandani moja moja. Halafu akaomba ufagio.

Alikuwa anafagia uwanja. Tangu ahamie Rugenge hakuwahi kufagia, maana mgeni hafagii. Alifagia kwa mistari, kutoka ukutani kwenda njiani, kama alivyofagia siku zote. Nikajua kwamba Anastase anaweza kuja na gari lake hata na magari mengine nyuma. Atamkuta mama amekaa kwake, na hakuna atakayemwondoa.

Aliniona, akasimamisha ufagio, akanyoosha mgongo.

"Karibu, Mama," aliniambia. "Mumetoka mu misa?"

"Ndiyo, Mama. Ni minye. Ni Consolate."

Alicheka kidogo, kwa upole, kicheko cha kumsaidia mgeni aliyepotea asione aibu. "Consolate wangu iko mutoto. Nimemutuma ku ziwa kuchota maji, sasa hivi atafika. Mumutafutia nini? Alikosa ku masomo?"

Nilifungua mdomo ili nimsahihishe, kwa kuwa ualimu ni ugonjwa, na nikaufunga. Nilikuwa nimeomba arudi kwake. Sikuwa nimefikiri kwamba huko kwake mimi ni msichana mwenye ndoo, na kwamba mwanamke huyu mwenye mvi, mwenye viatu vya kanisani, hayumo. Nilifurahi sana na iliniuma sana, na sikuweza kutenganisha kimoja na kingine.

"Hapana," nilisema. "Hakukosa. Nilitaka tu kumuona."

"Basi muikale," mama alisema. "Mumungoje."

Akaniletea kiti, akakiweka kando ya ukuta, akakifuta kwa ncha ya kitenge chake. Akavuta kigoda chake akakaa karibu nami. Mara kwa mara aliinua mkono kukinga jua na kutazama njia, akanung'unika kwamba mtoto huyu anapenda kuchezacheza ufukweni. Nikasema watoto wote ni hivyo. Tulikaa hapo sisi wawili, tukimngoja Consolate alete maji.